Mwenye Foni na Jiwe Langu la Nusu Kilo

Ukitaka kuongea na Mwenye Foni, ilikupasa kwanza umalize. Ulimsalimu, ukamweleza shida yako, ukanyamaza. Naye akakutazama tu, kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwa jirani. Hakuwa na dharau. Alikuwa anangoja useme "à vous", neno la Kifaransa la watu wa kazi yake, maana yake zamu ni yako. Ukilisema, alifungua kinywa palepale: "Nimepata, Mama Zaina." Usipolisema, mngekaa hapo mpaka mmoja wenu azeeke.

Watoto wa mtaa walijifunza mapema. Wageni walimwona kichaa. Mimi nilimwona mtu anayenisaidia, kwa sababu katika soko la Kamina hakuna mwingine aliyewahi kuniacha nimalize sentensi.

Kwa asiyejua: wakati ule simu hazikuwapo kwetu, na barua ilisafiri mfukoni mwa mtu aliyeweza kuisahau. Kulikuwa na foni, yaani redio ya masafa. Sanduku la chuma juu ya meza, batri ya lori chini ya meza, na waya uliotoka dirishani ukapanda mkaratusi na kushuka kwenye nguzo ya zamani ya reli. Unabonyeza kitufe cha kipaza sauti, unasema. Unaachia, unasikia. Vyote viwili kwa pamoja haviwezekani. Aliyebonyeza ni kiziwi mpaka aachie. Mwenye Foni alieleza jambo hilo kwa kila mteja, kila siku, na ndilo jambo alilokuja kulisahau yeye mwenyewe.

Alikuwa mrefu, mwenye masikio makubwa kuliko kazi ilivyohitaji, na koti moja la reli lenye vifungo vitano. Nasema vitano kwa sababu matundu yalikuwa sita. Nilihesabu mara mbili.

Mimi nauza samaki wa kukauka. Mume wangu Idi alikaa Bukama, pale reli inapokutana na mto Lualaba, akinunua kwa wavuvi. Mimi nilikaa Kamina na mizani. Sisi ni ukoo wa wafanyabiashara waliotoka Maniema, na kwetu mume na mke kukaa mbali si ugomvi, ni mtaji. Mtaji huo uliunganishwa na waya wa mkaratusi. Ndiyo maana nilimjua Mwenye Foni kuliko nilivyowajua baadhi ya ndugu zangu.

Alikuwa mtu wa kuuza maneno, naye mwenyewe alikuwa bahili wa maneno. Mke wake alinilalamikia siku moja akichambua sombe, majani ya mihogo, mlangoni: "Minyi bibi yake ni miaka makumi mbili. Muntu ya Luena anamuambia 'bien reçu', nimepata muzuri. Muntu ya Kinkondja anamuambia 'bien reçu'. Minyi namupatia bukari ya moto, anakula, ananyamaza."

"Unamwambia à vous?" nikamuuliza.

"Nitamuambia à vous ndani ya nyumba yangu?"

Mwezi uliofuata alijaribu. Alikuja kuniambia kwamba mume wake alijibu, tena kwa urefu, na sasa hakujua namna ya kumnyamazisha.

Habari zote za mji zilipita kwake. Alijua nani ana mke wa pili Kinkondja kwenye ziwa, nani amefukuzwa kazi Luena na bado anatuma salamu za mkubwa wa kazi. Hakusema kitu. Nilijaribu kumnunua kwa samaki, mara mbili, kwa sababu kulikuwa na mnunuzi mmoja niliyetaka kujua bei yake ya Bukama. Alichukua samaki. Bei hakusema. "Habari inapita kwangu," alisema, "haikae."

Kifo hakukituma kabisa. "Hewa haibebe maiti," alisema, na hapo alikuwa na adabu ya zamani: msiba hautangazwi mahali ambapo kila mwenye redio, kutoka ziwani mpaka migodi ya makaa, anasikia jina la marehemu kabla ya mama yake. Ilisemwa tu, "Ni mgonjwa sana, kuya," yaani njoo, na kila mtu alielewa, akafunga kitambaa kichwani. Matokeo yake, aliyekuwa mgonjwa sana kwelikweli alilazimika kutuma habari kwamba ana mafua.

Katika kupokea na kutuma kwake, aligundua kwamba watu wana habari nne tu. Alizipa namba, akaziandika kwenye kipande cha boksi ukutani. Namba moja: tuko wazima. Namba mbili: kuya. Namba tatu: tuma kitu. Namba nne: ni mgonjwa sana. Mteja alisema jina lake, jina la mpokeaji, na namba. Waliobisha kwamba habari yao si mojawapo ya hizo waliombwa kuieleza. Wakieleza, aliwaonyesha namba yake kwa kalamu ya risasi.

Wake wa askari wa Base, kambi ya jeshi, waliotoka kila pembe ya nchi, ndio walioteseka zaidi na namba hizo. Namkumbuka mmoja aliyetoka kwenye mto mkubwa, kaskazini. Alisimama mbele ya meza akamwaga Kilingala, akilia, akicheka, akionyesha mtoto mgongoni, akionyesha tumbo. Mwenye Foni alimsikiliza mpaka mwisho na mwanamke akasema à vous. Kisha akabonyeza kitufe: "Namba moja."

Alipotoka, nikamuuliza: "Baba, muntu amesema mengi vile, weye umetuma namba moja?"

"Alisema yuko mzima," akanijibu. "Zile zingine alikuwa anaambia minyi."

Sasa nifike kwenye jiwe.

Kisha vita iliingia nchini, na ilivyosogea, foleni kwake ilirefuka. Kila mtu alitaka kusema yuko mzima, na alitaka kulisema kila siku, kwa sababu uzima wa jana ulikuwa hauaminiki tena. Mwenye Foni alikuwa na shamba la mihogo ng'ambo ya reli, na mihogo haina foleni. Akakaa akafikiri. Kisha akaja kwenye meza yangu sokoni, akatazama mizani badala ya samaki.

"Mama Zaina, minaomba ile jiwe."

"Jiwe gani?"

"Ya nusu kilo."

"Unataka kuuzisha samaki?"

"Hapana. Inafaa kuanguka."

"Kuanguka wapi?"

"Juu ya kaseti."

Alinieleza. Kila alfajiri angesoma habari zote za siku ndani ya redio-kaseti, mara moja, kwa sauti yake. Angeweka redio-kaseti mbele ya kipaza sauti, na kitufe cha kipaza sauti angekifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli ili kikae kimebonyezwa. Saa ya kengele, ikilia saa mbili kamili, ufunguo wake wa nyuma huzunguka. Ufunguo ungevuta uzi, uzi ungevuta kijiti, na jiwe lililokuwa juu ya kijiti lingeanguka kwenye kibonyezo cha kaseti. Kaseti ingesema. Yeye angekuwa shambani.

Nilimpa jiwe moja kati ya mawili ya nusu kilo niliyokuwa nayo, lile ambalo nilikuwa na sababu zangu za kuliondoa sokoni wiki ile. Lakini sikumpa bure.

"Utanipatia nini?"

"Foni."

"Mara ngapi?"

"Kila asubui. Weye kwa Idi. Bila foleni."

"Na mangaribi?"

"Mangaribi Bukama njo inasema. Minyi nasikiliza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jiwe irudi."

Nilitafuta mahali aliponipunja, nikatafuta tena, sikupaona. Tukapeana mikono. Habari yangu iliingia kaseti hivi: "Mama Zaina kwa Idi wa samaki, namba moja na namba mbili. Tuko wazima, soko iko nzuri, kuya na samaki." Idi alikuwa akipanda kila treni iliyopita, na siku zile treni ilipita pale ilipojaliwa.

Nilikwenda kuona mtambo ukifanya kazi siku ya kwanza. Kengele ililia, jiwe likaanguka, sauti ya Mwenye Foni ikaanza kuita Bukama wakati mwenyewe amesimama karibu nami amefumba kinywa. Kaseti iliita, kisha ikanyamaza sekunde kumi, kisha ikaendelea.

"Ile kimya ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ili Bukama ajibu."

"Kitufe si kimefungwa? Utasikia namna gani?"

"Sisikie."

"Sasa?"

"Ni heshima," akasema.

Kwa miezi miwili mambo yalikwenda hivyo. Asubuhi kaseti ilisema. Jioni, saa kumi, yeye mwenyewe alikaa mezani, kitufe kimeachiwa, akaandika zilizotoka Bukama, na zikiisha tu akazima. Alinisifia sana mwenzake wa kule, ambaye zamani alikuwa mropokaji. "Muntu ya Bukama amejifunza adabu," aliniambia. "Anasema taratibu. Ananipa hata nafasi ya kupumua." Nami kila jioni nilipata namba yangu moja kutoka kwa Idi, nikalala.

Vita kwetu ilikuwa bado ni habari, mpaka Jumatano moja askari waliokuwa wanarudi nyuma walipoingia stesheni. Sikuuliza ni wa upande gani. Siku zile mwenye kuuliza alijibiwa kwa kitako cha bunduki. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama. Waliwashusha wanaume wote waliokuwa juu ya mizigo, wakawatwika masanduku ya risasi, wakawapeleka njia ya kaskazini. Nilihesabu kumi na saba. Nikarudia: kumi na saba. Mzee mmoja, muuza chumvi, aliwaambia ana mgongo mbovu. Wakamtafutia sanduku dogo.

Askari wengine walibaki stesheni wakikaa juu ya magunia, na mmoja akauliza kwa upole treni ya watu inakuja lini. Mfanyakazi wa reli akamjibu kweli: kesho asubuhi iko Luena, kesho mchana Bukama, Ijumaa iko hapa.

Hapo nikaona biashara niliyoifanya. Idi hakuwahi kukosa treni. Na kila asubuhi, kwa gharama ya jiwe moja, mimi mke wake nilikuwa namwita apande, aje kwenye mikono ya watu wale.

Mtu wa soko hakimbii. Akikimbia, bei inashuka. Siku ile nilikimbia.

Ilikuwa saa kumi. Mwenye Foni alikuwa mezani na kalamu yake, redio ikisema za Bukama. Sikusalimu.

"Muambie Idi asipande! Askari banakamata banaume stesheni. Muambie abaki Bukama!"

Akanitazama. Akangoja.

"À vous, Baba! À vous!"

"Nimepata," akasema, akachukua kipaza sauti. "Bukama, Bukama, hapa Kamina. Simama kidogo. Iko habari ya haraka ya Idi wa samaki. À vous."

Akaachia. Redio ikasema: "Bien reçu, Kamina. Idi kwa Mama Zaina, namba moja. Samaki iko." Na nyuma ya sauti jogoo akawika.

"Bukama, unisikie. Idi asipande treni. Rudia. À vous."

"Bien reçu, Kamina. Muchungaji kwa mutoto yake, namba tatu."

Akajaribu mara ya tatu, kwa sauti ya juu, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya. Bukama ilipokea vizuri, ikaendelea na namba nne ya mtu mwingine.

"Baba," nikasema, "ule jogoo."

"Jogoo wanawika."

"Jana nilikuwa hapa. Aliwika palepale, nyuma ya 'samaki iko'. Na juzi."

Akafungua daftari lake. Akarudisha ukurasa mmoja, akarudisha mwingine. Majina yaleyale, namba zilezile, kwa mpangilio uleule, kwa mwandiko wake mzuri wa reli. Alikuwa ameyanakili siku kumi na tisa mfululizo bila kuyasoma, kwa sababu habari inapita kwake, haikai.

"Kaseti," akasema. Hakuna aliyekuwa amemwambia à vous.

Nikauliza ile namba moja ya Idi basi ni ya lini. Akahesabu kwa kidole. Nikahesabu baada yake. Siku kumi na tisa, bila treni ya watu hata moja, sikuwa najua kama mume wangu yu hai, na siku zote kumi na tisa nilikuwa nimelala vizuri.

Ndipo sauti ya mwanamke ikapasua redio.

"Kamina! Hapa Luena! Leo haujazima foni? Mungu iko!"

"Luena, nakupata. À vous."

"Unanipata leo! Miezi mbili minakuita! Asubui weye unasema yako peke yako, mangaribi Bukama anasema yake peke yake, minyi njo nasikiliza bote mbili. Nilifikiri mumegombana. À vous!"

Mwenye Foni alibonyeza kitufe. "Yangu ni kaseti," akasema. "À vous."

"Rudia?"

"Ni kaseti, Mama. À vous."

Luena ilicheka. Ilicheka mpaka nikaihurumia batri yake. Kisha ikasema: "Basi na ya Bukama pia! Ule muntu si alienda Kinkondja kuvua samaki, wiki ya tatu hii? Bibi yake njo anarudisha kaseti nyuma kila siku. Bwana alimukataza kugusa kitu ingine. À vous."

Kipaza sauti kile hakuna mteja aliyewahi kukigusa. Mwenye Foni alikifuta kwa kiwiko cha koti, akanipa.

Nilimweleza Mama wa Luena yote: askari, masanduku, treni, Idi. Alikuwa ameacha kucheka.

"Nitatuma barua na muntu ya treni," akasema. "À vous."

"Muntu ya treni atasahau. Weye uko na chaki? À vous."

"Chaki iko. Bwana yangu ni mwalimu. À vous."

"Andika juu ya treni. À vous."

"Juu ya behewa gani?"

"Yote."

"Upande gani?"

Nikajaribu kukumbuka abiria wa Bukama husimama upande gani. Nikaona siwezi kuweka mume juu ya kumbukumbu. "Yote mbili," nikasema. "À vous."

"Mama weye! Chaki ni ya watoto ya masomo!"

"Nitakutumia samaki kumi."

"Makumi mbili."

"Kumi na tano, minyi mwenyewe nachagua."

"Mukubwa?"

"Mukubwa."

"Bien reçu," akasema Mama wa Luena.

Alhamisi Mwenye Foni hakwenda shambani. Alikaa mezani kutwa nzima, kitufe kimeachiwa, mikono juu ya magoti. Nilikaa naye. Asubuhi Luena ilituambia treni imepita, chaki imekwisha. Mchana hakukuwa na kitu. Saa kumi kaseti ya Bukama ilipita tena na jogoo wake, na Idi akanieleza kwamba yu mzima. Mwenye Foni hakuiandika.

Ijumaa tulikwenda stesheni, tukasimama nyuma ya tangi la maji. Askari walikuwa wamejipanga. Treni iliingia polepole, mabehewa tisa. Kwenye mawili mvua ilikuwa imefuta. Kwenye saba maneno yalisomeka, herufi kubwa za mwalimu: IDI WA SAMAKI USIPANDE. BIBI YAKO.

Treni ya Bukama kwa kawaida ilimwaga watu kama gunia lililopasuka. Siku ile walishuka kumi na mmoja. Nilihesabu, nikarudia, na kandoni mwangu nikamsikia Mwenye Foni naye akihesabu kwa kunong'ona. Wanawake saba, wanaume wanne. Idi hakuwa mmoja wao. Wanaume wanne walichukuliwa. Wawili walirudi mvua zilipokwisha. Wale wawili wengine hakuna aliyewahesabu tena.

Mwenye Foni alisimama pale mpaka treni ikaondoka. Alikuwa ameshika kifungo kimoja cha koti, akakishika mpaka kikakatika. Vikabaki vinne.

Idi alifika wiki tatu baadaye, kwa baiskeli, mwembamba na mwenye hasira. Yeye husoma herufi za Kiarabu tu, zile za chuoni, kwa hiyo pale Bukama watu walimsomea. Walimsomea kwa sauti, behewa baada ya behewa. Jukwaa zima likatazamana. Walimjua kuwa mtu anayepanda treni akiwa na homa, anayepanda juu ya paa, mmoja akasema, "Kama Idi hapande, minyi nitapanda sababu ya nini?" na akachukua mzigo wake akarudi nyumbani, na waliobaki wakamfuata.

"Na weye ulifikiri nini?" nikamuuliza.

"Nilifikiri uko na bwana mwingine Kamina."

Siku hiyohiyo nilimpeleka kwa Mwenye Foni, waonane. Mwenye Foni alimtazama kutoka kichwa mpaka miguu, akamgusa bega kwa kidole, kama mtu anayejaribu rangi kama imekauka. Akasema, "Bien reçu." Mke wake alikuwa mlangoni, akapiga ulimi.

Ukanda wa mpira aliukata vipande, ukawa viraka vya viatu. Redio-kaseti alimpa mkewe. Na kuanzia hapo, kabla ya kutuma au kupokea chochote, alimwuliza mtu wa upande wa pili: "Jana ulikula nini? À vous." Asiyejibu, hakutumiwa kitu. Yule wa Bukama, aliporudi kutoka ziwani kwa aibu, alijibu, "Bukari na samaki." Kesho yake akajibu bukari na samaki. Siku ya tatu vilevile. Mwenye Foni akabadilisha swali, akaanza kumuuliza nani amemkasirisha.

Jiwe langu hakulirudisha. Nilimdai mara mbili. Alinikumbusha masharti: jiwe likirudi, foni ya Idi inakwisha. Nikapiga hesabu, nikaona napata faida, nikanyamaza.

Miaka ilipita, simu zikaja, foni ikafa. Waya wa mkaratusi ukawa wa kuanikia nguo. Nilimwona mara ya mwisho nilipokwenda kumpa pole ya mkewe, ambaye alikuwa amefariki Lubumbashi kwa mtoto wao, na habari ilikuwa imekuja, kama alivyotaka, kwa mdomo wa mtu aliyeketi chini kwanza.

Nilimkuta uani, koti begani, vifungo viwili. Masikio yalikuwa yamechoka; sikio moja halikusikia kitu tena. Nilimpa pole, nikamwambia Idi anamsalimu, magoti yanamsumbua, hapandi tena treni wala kitanda kirefu. Akanitazama.

"À vous," nikasema.

"Nimepata. Asante. Muambie asipande."

Simu ndogo mfukoni mwake ikalia. Ilikuwa saa mbili kamili. Akaitoa, akanipa nimsomee. Ni mwanawe wa Lubumbashi: Shikamoo Baba, sisi wote wazima, tunakuwaza.

"Mtoto mzuri," nikasema. "Anakukumbuka asubuhi mapema."

"Kaseti," akasema Mwenye Foni.

"Baba, simu haina kaseti."

"Rudisha nyuma. Soma ya jana."

Nikarudisha. Ya jana ilikuwa hiyohiyo, saa mbili kamili. Ya juzi pia. Nikahesabu arobaini na moja, nikaacha. Katikati yake kulikuwa na maneno ambayo yeye mwenyewe, kwa msaada wa jirani, alikuwa ametuma: Jana ulikula nini? Jibu lilikuja kesho yake, saa mbili: Shikamoo Baba, sisi wote wazima, tunakuwaza.

"Sababu ya nini haumuambie?"

"Nimuambie nini?" Akairudisha simu mfukoni kwa uangalifu. "Alikuwa anakaa chini ya ile meza, anatazama jiwe ikianguka. Minyi njo nilimufundisha."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama fundi anayetambua mkono wake kwenye kiti cha mtu mwingine. Lakini simu aliiacha imewashwa, na niliona aligeuza kuelekea mfukoni lile sikio zima.

Nilipoinuka, akaniambia ningoje. Aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu, akatoka na jiwe langu la nusu kilo. Lilikuwa limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na ndani ya mpira kulikuwa na boliti kubwa ya reli.

"Hii boliti ni ya nini?" nikauliza, ingawa moto ulikuwa umeanza kunipanda masikioni.

"Nilipojaribu, mbele ya weye kuya kutazama, jiwe yako ilianguka, kaseti haikubonyezwe. Nikaitazama chini. Iko na tundu, umejaza makaa."

Miaka yote ile. Alikuwa amesikiliza foni zangu zote, amekula samaki wangu wa rushwa, amenisikia nikiapa mbele ya nusu ya soko. Habari ilipita kwake, haikukaa.

"Sasa inafika," akasema, akaliweka mkononi mwangu. "Foni ya Idi imekwisha. À vous."

Nikamwambia bien reçu.

Nyumbani nililipima mara mbili, pamoja na boliti yake. Linafika nusu kilo na kidogo juu. Ndilo ninalotumia tangu siku ile, na wateja wanaambiana kwamba Mama Zaina uzee umemwingia, siku hizi anapima vizuri.